Kubadili mchoro wa daraja la juu la reli Tabora: namna ya kupata fedha kabla nguzo hazijasimama

Reli ilifika Tabora mwaka 1912, ikafika Kigoma mwaka 1914, na tawi la Mwanza likakamilika mwaka 1928. Mji wetu umekua huku reli ikiwa katikati yake. Kwa zaidi ya miaka 110 utaratibu umekuwa ule ule: treni ikipiga honi tunasimama, ikipita tunavuka. Muuza maembe mwenye ndoo kichwani, mwanafunzi kwenye baiskeli, bajaji iliyobeba magunia ya mpunga, wote husubiri pamoja.

Reli ya kisasa, SGR, inabadili hilo. Vipande vyake vitatu vinakutana hapa kwetu, na ukihesabu pamoja na njia za kupishania treni, urefu wake ni huu: Makutupora hadi Tabora kilomita 368, Tabora hadi Isaka kilomita 165, na Tabora hadi Kigoma kilomita 506. Njia yake ina upana wa milimita 1,435, wakati ile ya zamani ni milimita 1,000. Inatumia umeme, na imesanifiwa kwa treni za abiria zinazofika kilomita 160 kwa saa. Treni ya mwendo huo haiwezi kupishana na bodaboda kwenye geti. Inawekewa uzio, na watu na magari hupita juu yake au chini yake.

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya diwani, mwenyekiti wa mtaa, mtendaji wa kata, na mwananchi yeyote anayeonyeshwa mchoro wa daraja la juu akaona kuna kitu kimesahaulika: njia ya waenda kwa miguu, mtaro, nafasi ya bomba, taa. Kazi yangu ni ukadiriaji majenzi, yaani kupima na kuweka bei ya kila kinachojengwa. Katika kazi hiyo nimeona maombi mazuri ya wananchi yakifia mezani. Mengi hayakukataliwa. Yalikosa tu mtu wa kuandika yatagharimu shilingi ngapi na yatalipwa kutoka fungu lipi, na muda ukapita zege likamwagwa.

1. Jua daraja ni la nani

Daraja linalovuka reli lina wenyewe wengi. Reli na hifadhi yake ni ya Shirika la Reli Tanzania, TRC. Barabara kuu na za mkoa, kama zile za kutoka mjini kwenda Nzega, Urambo na Sikonge, ni za TANROADS. Barabara za mitaani ni za TARURA, wakala ulioanza mwaka 2017. Manispaa inashika mipango miji, masoko na stendi. Nguzo za umeme ni za TANESCO, mabomba ni ya TUWASA, mamlaka ya maji ya Tabora. Daraja moja linaweza kuwagusa wote sita.

Barua ikipelekwa kwa asiye mwenye mali hujibiwa kwa heshima, kisha hukaa kwenye faili. Kwa hiyo kabla hujaandika, uliza mambo mawili katika ofisi ya mhandisi: nani amesaini mkataba na mkandarasi, na nani atakabidhiwa daraja likikamilika. Mara nyingi hizo ni taasisi mbili tofauti. Barua iende kwa ya kwanza, nakala kwa ya pili.

Kisha uliza jambo la tatu, ambalo kwa upande wa fedha ndilo zito kuliko yote: mkataba ni wa aina gani? Kuna mkataba ambao mwajiri, yaani mwenye mradi anayemlipa mkandarasi, ameshachora kila kitu, mkandarasi anajenga na kulipwa kadiri ya vipimo vya kazi aliyoifanya. Na kuna mkataba wa kusanifu na kujenga, ambao mkandarasi huchora mwenyewe kwa bei ya jumla, akifuata waraka unaoitwa Mahitaji ya Mwajiri. Mikataba ya ujenzi wa SGR imefuata mtindo huu wa pili. Kwa mtindo huo, ukiomba kitu ambacho tayari kimo kwenye Mahitaji ya Mwajiri, hujaomba badiliko. Hilo ni deni la mkandarasi, na hatakiwi kuongezwa hata senti. Niliwahi kukaa kwenye kikao kilichochukua muda wa saa tatu, katika mji ambao si huu, tukitafuta fedha za mtaro ambao ulikuwa umeandikwa kwenye waraka ule tangu siku ya kwanza. Hakuna aliyekuwa ameufungua. Omba uusome, au mwombe mhandisi wa manispaa akusomee kurasa zinazohusu eneo lako.

2. Jua mchoro umefika wapi

Badiliko lile lile lina bei tofauti kutegemea siku unayoliomba. Mchoro ukiwa wa awali, mhandisi mshauri anafuta mstari na kuchora mwingine. Ukiwa wa kina, anarudia hesabu za vyuma na zege, na atataka alipwe kwa kazi hiyo. Zabuni ikishatangazwa kwenye NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi kwa mtandao, marekebisho ya nyaraka lazima yawafikie wazabuni wote, na pengine tarehe ya kufungua zabuni isogezwe. Mkataba ukishasainiwa, bei ya kazi mpya unaipata kwa mkandarasi mmoja tu ambaye hana mshindani. Na nguzo zikishasimama, utalipia kujenga, kubomoa na kujenga tena, pamoja na mitambo itakayokaa bila kazi huku ikidai.

Nafasi bora kuliko zote ni ile mikutano ya wadau inayofanyika wakati wa tathmini ya athari kwa mazingira, inayotakiwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na kusimamiwa na taasisi ya taifa ya usimamizi wa mazingira. Nawasihi viongozi wa mitaa: msiende pale kusaini mahudhurio tu. Nendeni na hoja iliyoandikwa, muisome, na muombe iingizwe kwenye kumbukumbu. Hoja iliyomo ndani ya ripoti hiyo haiwezi kuitwa jambo jipya baadaye, na linalohesabiwa kuwa jipya ndilo linalodaiwa fedha mpya.

3. Kila badiliko na karatasi yake

Msiandike barua moja yenye maombi kumi na mawili. Moja likikwama, yote yanakwama nalo. Kila badiliko lipate ukurasa wake: mahali penyewe, mchoro unasema nini, mnataka nini badala yake, na kwa nini.

Hiyo "kwa nini" ijengwe kwa hesabu ya watu na vyombo. Haihitaji mtaalamu. Tafuteni vijana wawili wanaoandika vizuri, wakae kwenye kivuko cha reli kilichopo tangu saa 12 asubuhi hadi saa 12 jioni, kwa siku tatu: siku ya kazi, siku ya soko na Jumapili. Wahesabu waenda kwa miguu, baiskeli, mikokoteni, bodaboda, bajaji, magari madogo, malori, na wanafunzi wawekwe peke yao. Mtendaji agonge muhuri kila karatasi. Nimeona mhandisi aliyekuwa amekataa kwa mdomo akikubali baada ya kuonyeshwa karatasi za namna hii, maana naye anahitaji kitu cha kumwonyesha mkubwa wake.

Halafu jiulizeni badiliko hilo linavuta nini nyuma yake. Hapa ndipo wengi tunapokosea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Chukua urefu wa daraja. Tuseme barabara inatakiwa kupanda mita 8 juu ya ardhi ili treni ipite chini pamoja na nyaya zake za umeme wa volti 25,000. Kwa mwinuko wa asilimia 5, unahitaji tuta la mita 160 kila upande, bila kuhesabu sehemu za kulainisha mwanzo na mwisho wa mlima. Sasa wenye reli wakisema nafasi ya chini iongezwe mita moja, kila upande unaongezeka mita 20, jumla mita 40. Kwenye mchoro huo ni mstari mfupi sana. Mtaani, ndani ya mita 40 mna nyumba, vibanda vya biashara, pengine na lango la shule. Nanyi mkiomba mwinuko upunguzwe uwe asilimia 4 ili wa baiskeli na wa mkokoteni waweze kupanda, tuta la mita 160 linakuwa la mita 200. Ombi hilo ni la haki kabisa katika mji wa baiskeli kama huu. Lakini limebeba ardhi ya watu mgongoni, na ardhi hiyo ina bei.

Kwa mtu wa kiti cha magurudumu hesabu inakuwa ndefu zaidi. Njia yake isizidi mwinuko wa mita 1 kwa kila mita 12 za mwendo. Kupanda mita 8 kunahitaji mita 96, na bado hujaweka sehemu tambarare za kupumzikia. Ndiyo maana mahali pengine ni afadhali kuomba kivuko cha chini kwa waenda kwa miguu, kama kimo cha tuta la reli kinaruhusu. Binadamu anapita kwenye uwazi wa mita 2.5, wala hana nyaya juu ya kichwa. Ila mvua zetu za Novemba hadi Aprili mnazijua. Kivuko cha chini kikijengwa bila njia ya kutoa maji, kufika Januari watoto wataacha kukitumia na kurudi kuruka uzio, na hapo mtakuwa mmetumia fedha kuwarudisha kwenye hatari ile ile. Mtaro uandikwe kwenye karatasi hiyo hiyo, si karatasi nyingine.

Ndugu zetu wa Kigoma wana nafuu ambayo sisi hatuna. Stesheni yao iko chini karibu na ziwa na mji unapanda mlimani, kwa hiyo mahali fulani barabara inaweza kuwa tayari juu upande mmoja, na tuta likahitajika upande mwingine tu. Sisi ardhi yetu ni bapa. Kila mita ya kupanda ni lazima tuijenge.

Jambo jingine ni udongo. Kwenye mabonde yetu kuna udongo wa mbuga, ule mweusi unaovimba masika na kupasuka kiangazi. Nguzo ya daraja haikai juu yake kwa amani. Kama ripoti ya udongo haionyeshi shimo la kupimia pale hasa nguzo itakaposimama, ombeni lichimbwe kabla ya mkataba kusainiwa. Msingi ukibadilishwa baada ya kazi kuanza, hakuna anayeweza kubisha, kwa sababu kila mtu anaona tope kwa macho yake. Bei itakuwa ile atakayotaja mkandarasi, na mabadiliko yenu mengine yote yatapoteza fedha kwa ajili ya shimo hilo moja.

Na fidia. Watu wetu wanaufahamu usemi wa serikali: umeifuata barabara au barabara imekufuata? Aliyejenga ndani ya hifadhi ya barabara au reli akijua, kwa kawaida halipwi. Aliyekuwepo kwanza analipwa thamani ya ardhi na maendelezo yake, pamoja na posho ya usumbufu, usafiri na makazi, na faida aliyoipoteza kama alikuwa na biashara. Malipo yakichelewa zaidi ya miezi 6, riba inaanza kuhesabiwa. Badiliko lolote linalosogeza tuta hata hatua tano liende kwanza kwa mthamini, ndipo liende kwa mhandisi. Nimeona mradi uliosimama msimu mzima kwa sababu ya nyumba moja ambayo mchoro mpya uliigusa kwenye kona ya choo.

4. Tafuta bei kamili

Mhandisi atakupa bei ya kazi. Hiyo si bei ya badiliko. Nitatumia tarakimu za mfano, si za mradi wowote uliopo.

Tuseme mnataka njia ya waenda kwa miguu pande zote mbili za daraja, na bei ya kazi ni shilingi milioni 620 bila kodi. Kurudia usanifu, asilimia 5, ni milioni 31. Usimamizi, asilimia 4, ni milioni 24.8. Akiba ya dharura, asilimia 10, ni milioni 62. Sasa mko kwenye milioni 737.8. Wekeni kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18, ambayo ni milioni 132.8. Jumla inakuwa takriban milioni 871.

Kikao kikipitisha milioni 620, kitakuwa kimepitisha njia ambayo haitafika mwisho wa daraja. Milioni 251 zitakazopungua hazitaonekana siku hiyo. Zitaonekana miezi minane baadaye, mkandarasi akiwa na hati ya malipo mkononi na mhasibu hana fungu.

Kuna gharama ya tatu ambayo hata sisi wa fani huisahau, nayo ni muda. Badiliko likichelewesha kazi, mkandarasi ana haki ya kuomba siku za nyongeza, na mara nyingi pamoja na gharama za kambi, walinzi na mitambo kwa siku hizo. Muulizeni mhandisi mshauri swali hili, na alijibu kwa maandishi: je, kazi hii iko kwenye njia inayoamua tarehe ya kumaliza mradi, au inaweza kufanyika sambamba na nyingine? Njia ya waenda kwa miguu ikiingizwa wakati biimu, ile mihimili inayobeba daraja, hazijatengenezwa, huenda isichelewe hata siku moja. Ikiingizwa baada ya biimu kupandishwa, ni habari nyingine kabisa.

5. Nani alipe

Kanuni inayotumika sehemu nyingi ni kwamba anayesababisha ndiye anayelipa. Reli mpya ikikuta barabara ilikuwepo, mwenye reli hubeba gharama ya kuivusha barabara ile kama ilivyokuwa. Barabara mpya ikiikuta reli, mwenye barabara hubeba. Na anayetaka zaidi ya kilichokuwepo, kwa mfano njia mbili pale palipokuwa na moja, hulipia hiyo ziada. Kwa hiyo gawanyeni ombi lenu. Kama leo watu wanavuka kwa miguu mahali fulani na mchoro mpya umewaziba, kuwarudishia njia si ziada. Ni kurudisha kilichokuwepo, na zile karatasi za vijana wenu wawili ndizo ushahidi. Taa nzuri zaidi, upana zaidi, nafasi ya biashara chini ya daraja, hizo ni ziada.

Kwa sehemu ya ziada kuna mifuko michache, na ni vizuri kuijua tabia yake.

Mfuko wa Barabara, unaotokana zaidi na tozo ya mafuta, usiutegemee. Sheria yake inataka angalau asilimia 90 iende kwenye matengenezo, na ujenzi mpya upate isiyozidi asilimia 10. Nimeona kata ikipoteza mwaka mzima ikigonga mlango huu.

Bajeti ya maendeleo ya TARURA au TANROADS inawezekana, lakini mradi uwe umetajwa kwenye mpango wao wa mwaka. Njia ya kuuingiza ni Bodi ya Barabara ya Mkoa, ambayo Mkuu wa Mkoa huiongoza na wakala zote mbili hutoa taarifa zake humo. Diwani asiyejua tarehe ya kikao hicho amuulize mbunge wake au ofisi ya mkoa.

Mapato ya ndani ya manispaa ni madogo, lakini ndiyo pekee ambayo baraza lenu linayaamulia lenyewe, na ndiyo maana hata mchango mdogo kutoka humo huwalainisha wengine. Kumbukeni kuna asilimia 10 iliyofungwa kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Hiyo haiguswi, hata kama daraja ni la lazima kiasi gani.

Kama kuna fedha ya nje ndani ya mradi, mpangilio ni mwingine. Daraja la Mfugale pale TAZARA, Dar es Salaam, lililofunguliwa mwaka 2018, lilijengwa kwa msaada wa Japani. Yale ya Ubungo, Daraja la Kijazi, lililozinduliwa mwaka 2021, yalipata mkopo wa Benki ya Dunia. Kwenye miradi ya namna hiyo, badiliko kubwa husubiri barua ya kutokuwa na pingamizi kutoka kwa mtoa fedha. Ingizeni wiki za kuisubiri barua hiyo kwenye ratiba yenu.

Tukirudi kwenye mfano wetu wa milioni 871, mgawanyo unaoweza kusimama ni kama huu: mwenye barabara milioni 450, mwenye reli milioni 200 kwa sehemu ya njia iliyokuwepo zamani, na manispaa milioni 221 zilizogawanywa kwa miaka miwili ya fedha. Mkikubaliana, andikeni hati ya makubaliano yenye viwango, tarehe za kutoa fedha, na kipengele kimoja ambacho nakisisitiza kila mahali: nani atalipa ikiwa bei halisi itazidi. Kipengele hicho kikikosekana, kila upande utamwangalia mwenzake.

6. Kalenda

Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai na kuisha 30 Juni. Mwongozo wa bajeti hutoka kati ya Oktoba na Novemba, halmashauri hupanga hadi Februari au Machi, Bunge hupitisha kati ya Aprili na Juni. Maana yake ni kwamba ombi linalofika kwa mkurugenzi mwezi Aprili limeshachelewa kwa mwaka unaokuja.

Rudini nyuma kuanzia hapo. Mkutano wa mtaa ufanyike Agosti, kamati ya maendeleo ya kata Septemba, kamati ya mipango miji na ile ya fedha Oktoba na Novemba, ili baraza la madiwani lilipokee jambo likiwa na bei na mthamini ameshapita. Kila kikao kitoe muhtasari uliosainiwa. Muhtasari ambao haujasainiwa, mkaguzi akija, ni karatasi tupu.

Na kama dharura imetokea katikati ya mwaka? Kuna uhamisho wa fedha kutoka kifungu kimoja hadi kingine, ambao una taratibu zake za kibali chini ya Sheria ya Bajeti ya mwaka 2015. Muoneni mweka hazina mapema, mwezi Desemba au Januari wakati wa mapitio ya nusu mwaka. Mwezi Mei hatakuwa na cha kuwahamishia.

7. Saitini, neno la mdomo lina bei

Jambo hili limewaumiza watu ninaowaheshimu. Mwenyekiti mmoja wa mtaa, mtu mwema aliyependwa, alipita kwenye kazi jioni akamwambia msimamizi wa mkandarasi: "Mzee, huu mtaro utuongezee upana kidogo, maji yanaingia kwa watu." Msimamizi akajibu, "Sawa mwenyekiti, hamna shida." Mtaro ukapanuliwa. Kwenye malipo kazi ile ikakataliwa, kwa sababu mwenyekiti hana mamlaka ya kuagiza kazi. Mkandarasi akalazimika kuila hasara, akalipizia kwa kubana ubora mahali pengine, na mtaa ukalaumu mtu aliyekuwa anawatetea.

Agizo la badiliko, lile wenyewe saitini wanaloliita variesheni, hutolewa na mhandisi wa mradi peke yake, kwa maandishi. Kwenye mikataba inayofuata masharti ya mwaka 1999 ya FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, mabadiliko yamo kwenye kifungu cha 13, na mkandarasi anayetaka fedha au muda wa ziada anatakiwa kutoa taarifa ndani ya siku 28. Akichelewa, haki yake inaweza kupotea. Lakini kuna upande wa pili ambao mwajiri lazima aujue. Kwenye baadhi ya mikataba hiyo, mhandisi akitoa agizo kwa mdomo, mkandarasi akaliandika ndani ya siku mbili za kazi, na mhandisi akakaa kimya siku mbili nyingine, karatasi ile ya mkandarasi inahesabiwa kuwa agizo la maandishi. Kimya kinalipwa. Mwombeni mhandisi wenu asifungue barua za mkandarasi mara moja kwa wiki.

Kabla agizo halijatoka, hakikisheni mambo matatu yamo kwenye faili moja: kibali cha bodi ya zabuni pale mkataba na kanuni za ununuzi zinapokitaka, barua ya mweka hazina kwamba fedha ipo kwenye fungu lenye namba, na bei iliyokubaliwa na mkandarasi. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya sasa ni ya mwaka 2023, na kanuni zake ni za mwaka 2024. Afisa ununuzi akikutajia kifungu cha ile ya 2011, mwombe kwa upole atazame upya. Na badiliko kubwa lisigawanywe vipande vidogo ili likwepe kibali. Mkaguzi huviunganisha vyote, na anayebaki na doa ni kijana aliyesaini kwa kutumwa.

Kwa bei, angalieni kwanza BOQ, lile jedwali la kazi na bei. Kama zege la daraja hilo tayari lina bei ya mita ya ujazo, njia ya waenda kwa miguu inayotumia zege la aina hiyo itumie bei hiyo hiyo. Bei mpya inajadiliwa kwa kazi ambayo haimo kabisa, au pale kiasi kimebadilika sana kupita kiwango ambacho mkataba umekitaja. Mkandarasi akileta bei mpya, aje na mchanganuo: saruji, nondo, vibarua, mtambo, usafiri kutoka alikonunua, faida yake. Bila mchanganuo mhandisi asiidhinishe.

8. Kabla hamjapokea daraja

Mwombeni mhandisi awasomee hesabu ya mwisho, badiliko moja baada ya jingine, na kila moja liwekwe pembeni ya ile karatasi yake ya ukurasa mmoja ya mwanzo. Tembeeni pamoja naye mkiwa nazo mkononi. Mtu wa kiti cha magurudumu awe miongoni mwenu na apande njia yake mwenyewe hadi juu. Anzeni safari hiyo asubuhi, rudieni saa 1 usiku ili muone taa. Kama inawezekana, subirini mvua moja kubwa ipite. Kasoro zinazoonekana zinaandikwa, na mkandarasi ana kipindi cha uangalizi kilichotajwa kwenye mkataba, mara nyingi miezi 12, cha kuzirekebisha kwa gharama yake, huku sehemu ya fedha yake ikiwa imezuiwa.

Mwisho, dai michoro ya kilichojengwa, ile inayoonyesha daraja lilivyo hasa baada ya mabadiliko yote: bomba la TUWASA linapita kina gani, waya wa taa umezikwa upande upi, nguzo ya pili imeshuka mita ngapi kwenye mbuga. Nakala moja ibaki kwa mhandisi wa manispaa, moja TARURA au TANROADS, moja TRC. Nyingine iwekwe ofisi ya kata, kwenye kabati lenye kufuli, na mtendaji anayehamishwa aikabidhi kwa maandishi kwa anayempokea.